Barua ya wazi kwa viongozi wa Simiyu: tufundisheni pale pale tunapojenga

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Simiyu. Kwa Waheshimiwa Wenyeviti na Wakurugenzi wa halmashauri za Mji wa Bariadi, Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Na kwa uongozi wa Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA.



Ninawaandikia kwa heshima inayostahili ofisi zenu na kwa uchungu ambao sitauficha. Mimi ni fundi mwashi wa Bariadi. Mwiko nilishikishwa na mjomba wangu, na hivyo ndivyo walivyoanza wengi wa wenzangu wanaoujenga mkoa huu. Tangu Simiyu iwe mkoa mwaka 2012, ujenzi haujasimama. Zimejengwa ofisi, imejengwa hospitali ya rufaa pale Nyaumata, zimejengwa zahanati, maabara, mabweni na nyumba za walimu. Sensa ya mwaka 2012 ilituhesabu watu wapatao milioni 1.58, na ya mwaka 2022 ikatukuta tumevuka milioni 2.1. Watu wote hao wanahitaji pa kulala, na watoto wao wanahitaji pa kusomea. Kuta zao zimesimamishwa na mikono ya watu ambao wengi wao hawana karatasi yoyote inayoonyesha kwamba ni mafundi.

Ninachokidai ni kimoja: kila jengo la umma linalojengwa Simiyu liwe pia mahali pa mafunzo, na fundi aliyelijenga atoke pale ameongeza ujuzi na ameshika njia ya kupata cheti. Sababu zangu ni hizi.

1. Mlitupa kazi kubwa, hamkutuletea mwalimu.

Utaratibu wa fosi akaunti ndio uliotuingiza kwenye majengo ya serikali. Siupingi hata kidogo. Umeleta kazi kijijini, na umempa fundi wa Mwanhuzi au Lagangabilili nafasi ambayo zamani ilikuwa ya mkandarasi wa kutoka mbali. Shule inaunda kamati ya manunuzi, ya ujenzi na ya mapokezi, inanunua vifaa, inatafuta fundi, na mhandisi wa halmashauri anasimamia. Lakini mhandisi huyo huyo ana majengo katika kata nyingine nyingi, na barabara za kufikia baadhi yake zinamezwa na tope mvua ikianza. Tunamwona siku ya msingi, tunamwona siku ya lenta, kisha tunamwona siku ya kukabidhi. Siku zilizo katikati, ambazo ndizo jengo linapojengwa, tuko peke yetu.

Kumbukeni miezi ya mwisho ya mwaka 2021. Serikali ilikopa Sh trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya mpango wa maendeleo na mapambano dhidi ya UVIKO-19, na sehemu ya fedha hizo ikajenga vyumba vya madarasa 15,000 nchi nzima, vyumba 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi. Agizo lilikuwa watoto waingie humo Januari 2022. Tuliitikia. Lakini zege linahitaji kumwagiliwa maji siku saba kwa uchache, na nguvu yake hupimwa siku ya 28. Mtu anayejenga kwa kukimbizana na tarehe anahitaji mwenye elimu wa kumwambia hatua gani inaweza kuharakishwa na ipi haiguswi hata apige simu nani. Mtu huyo hakuwepo. Angewekwa mwalimu mmoja wa uashi kila kata kwa wiki zile chache, mkoa ungevuna madarasa na mafundi kwa pamoja. Mwaka uliofuata vikaja vyumba vingine 8,000 nchini, na nafasi ile ikapita tena.

2. Fundi analipwa kinachobaki, na hapo ndipo ubora unapokufia.

Chumba kimoja cha darasa katika mpango ule kilitengewa Sh milioni 20, kiwe kinajengwa Kinondoni au Meatu. Sasa fuateni safari ya vifaa. Saruji tunayotumia hutoka Tanga, Dar es Salaam, Mtwara, na ikifika Bariadi imeshalipiwa nauli ya kuvuka nchi. Nondo na bati ni hivyo hivyo. Mchanga na kokoto tunavyo, lakini kuna vijiji ambavyo lori la mchanga lenyewe linasafiri nusu siku, na maji ya kuchanganyia yananunuliwa kwa dumu. Vikishanunuliwa vyote hivyo, kinachosalia katika milioni 20 ndicho kinachoitwa fedha ya fundi. Bei ya saruji haina mjadala, bei ya nondo haina mjadala. Inayojadiliwa ni jasho la mtu.

Kamati inakuja na neno moja: bei ni hii, ukikataa wapo wengine. Na kweli wapo, kwa sababu huku kwetu kila mwenye mwiko na pima maji huitwa fundi. Wajumbe wa kamati ni walimu na wazazi, watu wema, lakini hawana kipimo cha kumtambua anayejua na anayebahatisha. Kipimo pekee wanachokiona ni bei, basi anayebahatisha ndiye anayeshinda, kwa kuwa asiyejua gharama ya kazi nzuri anaweza kutaja bei yoyote.

Akishashinda, anaitafuta faida yake mahali pengine. Mfuko wa saruji uliopaswa kutoa tofali thelathini hivi za inchi sita anaufyatulia hamsini. Zege linachanganywa mara moja na koleo badala ya kugeuzwa mpaka rangi iwe moja. Tofali halimwagiliwi, linajengewa likiwa bichi. Kisha inapigwa lipu, inapakwa rangi, mgeni rasmi anakata utepe. Ufa unaonekana baada ya masika mawili, na fundi yule yuko wilaya nyingine anajenga jingine. Ninayasema haya kwa hasira kwa sababu fundi mwaminifu aliyekataa bei ile amekaa nyumbani, na mwanawe anasoma katika darasa hilo hilo.

Waheshimiwa, hili ni jambo la soko kabla halijawa jambo la maadili. Mkiweka cheti kinachoaminika mikononi mwa mafundi, kamati itapata kitu cha kuangalia zaidi ya bei. Kisipokuwepo, mtaendelea kununua kazi ya chini kabisa, tena kila mara kwa utaratibu halali.

3. Kalenda yenu ya mafunzo haifuati kalenda ya Simiyu.

Huku nyumba hujengwa na pamba. Mkulima akiuza, ananunua bati, anamwita fundi. Kuanzia pamba inapouzwa hadi mvua za vuli, fundi hana siku ya kupumzika. Baada ya hapo anarudi shambani kama kila mtu. Na bei ya pamba ikiyumba, sisi ndio wa kwanza kuyumba nayo. Mwaka 2019 bei elekezi ilikuwa Sh 1,200 kwa kilo, wanunuzi wakasuasua, wakulima wakakaa miezi wakisubiri fedha zao, na maboma mengi yakabaki kwenye lenta. Mwaka 2022 msimu ulifunguliwa kwa Sh 1,560, mwaka uliofuata ikawa 1,060. Hebu fikirieni baba wa watoto watano anayepangiwa kozi ya mwaka mzima, kwa ada na malazi, inayokula miezi ile ile michache ambayo ndiyo anapata fedha. Haendi. Halafu inasemwa kuwa mafundi wetu hawapendi kusoma.

Kati ya palizi na mavuno kuna wiki ambazo fundi ana nafasi. Wekeni hapo kozi fupi za wiki tatu au nne, kwenye kata, zisizohitaji mtu kulala bwenini. Kusoma michoro, kukadiria vifaa, kusuka nondo, kupima mchanganyiko: kila kozi kwa wakati wake. Mtaona watakavyojaa.

4. Udongo wetu hauna mwalimu wake.

Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote, kwa kuwa ndilo lingeweza kufundishwa kwa gharama ndogo kabisa.

Wazee wa Kisukuma waliipa kila ardhi jina lake. Kuna luseni, ile ya mchangamchanga. Kuna ibushi, yenye chokaa ndani yake. Na kuna mbuga, udongo mweusi mzito uliotanda mabondeni, ambao pamba huupenda na nyumba huuchukia. Mbuga ikinywa maji huvimba, ikikauka husinyaa na kufunguka nyufa ambazo kwato ya mbuzi inazama. Msingi uliolazwa juu yake unanyanyuliwa masika na kuachiwa kiangazi, mwaka baada ya mwaka, mpaka ukuta unachanika kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha. Mimi nikipita mbele ya nyumba yenye ufa wa namna hiyo sihitaji kuuliza imejengwa juu ya nini.

Dawa yake inajulikana. Unachimba mpaka ulifikie tabaka gumu, au unauondoa udongo ule na kujaza moramu unayoishindilia tabaka kwa tabaka. Unafunga mkanda wa zege lenye nondo chini, kabla ya ukuta, usisubiri ule wa lenta peke yake. Unazungushia jengo sakafu ya nje yenye mteremko ili maji ya paa yasinywewe na msingi. Hupandi mti mkubwa karibu na ukuta. Lakini ramani za majengo ya serikali huletwa zikiwa za aina moja kwa nchi nzima, na makadirio yake ya msingi ni ya aina moja pia. Fundi anayejua kwamba hapa ni mbuga, akiomba achimbe zaidi, anaambiwa kina hicho hakimo kwenye mchanganuo. Fundi asiyejua haombi. Matokeo kwa watoto watakaokaa humo ni yale yale.

Ninawaomba VETA hasa: wekeni katika mafunzo ya uashi ya Simiyu somo la ardhi ya Simiyu. Mafunzo yafanyike mahali patatu, kwenye luseni, kwenye ibushi na kwenye mbuga, kwa kuchimba shimo na kumwonyesha kijana anachokikanyaga. Na wahandisi wa halmashauri wapewe ruhusa ya maandishi ya kurekebisha msingi kulingana na ardhi, na fedha ya marekebisho hayo itengwe tangu mwanzo.

Msinijibu kwamba majengo yetu ni mafupi. Tarehe 29 Machi 2013 jengo liliporomoka katikati ya Dar es Salaam likaua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jingine likaanguka Kariakoo na kuua watu wasiopungua 29. Bariadi imeanza kupanda ghorofa, na wanaozijenga ni sisi hawa hawa.

5. Cheti kipo, njia ya kukifikia haipo.

Simiyu ilikuwa miongoni mwa mikoa minne, pamoja na Geita, Njombe na Rukwa, iliyochelewa kupata chuo cha VETA cha mkoa, na tunashukuru kwamba ujenzi wake hatimaye ulitengewa fedha. Tunashukuru pia kwa vyuo vya wilaya. Ila nina swali lililonikaa kooni: vyuo vya ufundi nchini vilipojengwa kwa fosi akaunti, waliovijenga walikuwa mafundi wa mtaani. Ni wangapi kati yao waliondoka na cheti kutoka katika chuo walichokijenga kwa mikono yao?

VETA wanao utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, na uashi ulikuwa katika fani za mwanzo kabisa kuingizwa humo. Mtahini anamkuta fundi kazini, anamtazama akijenga, anamuuliza, anamwonyesha mapengo yake, fundi anajazia, anapewa cheti. Ni utaratibu wa haki kwa mtu kama mimi. Lakini ulizeni mafundi wa Ngulyati, wa Dutwa, wa Lamadi: wengi hawajawahi hata kuusikia, na waliousikia wameusikia kama kitu cha awamu, kinachokuja kikiwa na mfadhili na kuondoka naye.

Kuna kijana niliyemfundisha mimi mwenyewe. Anaseti jengo kwa kamba na timazi, na kona zake hazijawahi kukataliwa. Aliomba kazi kwenye mradi mmoja wa umma, kamati ikataka cheti. Hakuwa nacho. Kazi ikapewa mtu mwenye karatasi ambaye, nasikitika kusema, alimtafuta kijana yule yule aje amjengee kwa posho ya siku. Jina la mwenye mkataba likaandikwa kwenye kibao. Huu ndio utaratibu mnaousimamia: ujuzi uko upande mmoja, karatasi upande mwingine, na faida inapitia katikati. Sasa manunuzi ya umma yamehamia kwenye mfumo wa mtandaoni wa NeST, na hapo fundi anatakiwa awe na namba ya mlipakodi na simu au kompyuta ya kujazia taarifa. Mfumo ni mzuri, unaonekana na kila mtu. Lakini fundi asiyesaidiwa kuingia ataendelea kufanya kazi chini ya jina la mwingine.

Wapo pia waliofanya kazi kwenye reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, inayopita Malampaka, Maswa. Wamejifunza kusuka nondo na kufunga maboksi ya zege kwa kiwango ambacho sisi wa tofali hatukukijua. Wanarudi nyumbani na ujuzi huo hauandikwi popote.

6. Malipo, usalama na akina mama.

Nitayasema kwa kifupi kwa sababu mnayajua. Fundi analipwa kwa hatua, na hatua ikikamilika anasubiri saini. Wiki zinapita, saidia fundi wake wanadai, anakopa kwa riba, na deni linaanza kuila kazi inayofuata. Saidia fundi akianguka kutoka kwenye mirunda, matibabu yake ni mchango wa wenzake. Na akina mama wanaoponda kokoto na kubeba maji ya zege katika kila saiti ya mkoa huu hawapewi mwiko, hata pale wanapouomba, ingawa kazi ya kupanga tofali haihitaji nguvu zaidi ya ndoo ya maji wanayopanda nayo kichwani kutoka kisimani.

Maombi yangu sasa, na ninayapeleka kwa anayehusika.

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa: toa agizo kwamba kuanzia mwaka wa fedha ujao kila mradi wa fosi akaunti Simiyu uwe na vijana wanagenzi wasiopungua wanne, angalau mmoja wao mwanamke, walioandikwa kwenye mkataba wa fundi, wenye daftari la mazoezi linalosainiwa na fundi na mhandisi. Mkoa huu uliwahi kusimamia kaulimbiu ya wilaya moja, bidhaa moja, kiwanda kimoja, na vijana wa Maswa wakatengeneza chaki zilizoingia madarasani. Uwezo wa kuagiza jambo likatendeka mnao.

Wakurugenzi: tengeni kwenye kila mradi fedha ndogo ya mafunzo, hata asilimia moja, ilipe mwalimu wa kupita saiti kwa saiti. Fedha ya fundi ikadiriwe kwanza kwa kazi iliyopo, isiwe masalia ya vifaa. Malipo ya hatua yafanyike ndani ya siku 14 tangu mhandisi aikubali. Na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ile ya asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ifunguliwe kwa vikundi vya mafundi wanaotaka mashine ya kufyatulia tofali na ya kuchanganyia zege. Afisa wa manunuzi atenge siku moja kila mwezi akae kwenye ofisi ya kata na kuwaingiza mafundi kwenye NeST.

VETA: waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, iliyowekwa kuwa asilimia 3.5 ya mishahara Julai 2023, na theluthi ya fedha hiyo inaingia kwenu. Makandarasi waliotengeneza barabara zetu wameilipa. Rudisheni sehemu yake hapa kwa kufanya utambuzi wa ujuzi kuwa kazi ya kila mwaka katika kila wilaya, bila kungoja mfadhili. Lugha ya mtihani iwe Kiswahili, na pale fundi asipoweza kuandika, aulizwe kwa mdomo mbele ya kazi yake. Shule za sekondari zilizofungua mkondo wa amali tangu mwaka 2024 zinahitaji watu wa kuwaonyesha wanafunzi kazi halisi. Mafundi wenye cheti mtakaowapata ndio watakaozisaidia.

Mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria Simiyu, unaofadhiliwa na Mfuko wa Kijani wa Hali ya Hewa pamoja na Ujerumani kupitia KfW, unahitaji matangi, vyoo vya shule na majengo ya pampu. Kazi hizo zitafanywa na mtu. Msipowaandaa vijana wa Simiyu, watakuja wengine wenye karatasi, na wa kwetu watabeba ndoo za zege kwa ujira wa siku katika wilaya zao wenyewe.

Ninaomba kikao kimoja mjini Bariadi, kabla msimu wa kununua pamba haujafunguliwa, kikiwakutanisha wahandisi wote sita wa halmashauri, walimu wa uashi wa VETA na mafundi wawili kutoka kila tarafa. Sisi tutakuja na orodha ya mafundi walio tayari kupimwa na orodha ya majengo ya umma yenye nyufa, kijiji kwa kijiji. Tunaomba ninyi mje na tarehe ya kuanza.

Wenu katika kazi,
Fundi mwashi, Bariadi